Huna Pesa, Lakini Una Jina: Toa Paswadi Yako kwa Daftari la Saiba

Kuna sentensi moja nimechoka nayo, na nataka tuimalize leo: "Mimi sina kitu, kwani wataniibia nini?"

Naisikia hapa Tseikuru kwa steji ya boda. Naisikia nikishuka Mwingi. Naisoma kila siku kwa komenti zenu, hata nyinyi wa Roysambu na Rongai mnaojiona mmefika. Mtu anaambiwa abadilishe paswadi, anacheka. Anaambiwa aongeze namba ya siri kwa WhatsApp, anajibu ati hiyo ni ya matajiri. Halafu anaendelea na maisha, paswadi yake ikiwa jina lake la kwanza na 123.

Wasee, hiyo hesabu ni mbovu. Mwizi wa mtandaoni haangalii tu ulicho nacho. Anaangalia pia unachoweza kukopeshwa, na nani anakuamini.

Anza na laini yako. M-Shwari iko hapo tangu 2012. Fuliza iko hapo tangu 2019. Hustler Fund ilizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, na ukibonyeza *254# unaweza kukopa kuanzia shilingi 500. Hizo zote ni mikopo. Hakuna hata moja inayouliza kama una pesa mfukoni. Zinauliza kama wewe ni wewe. Na kwa mashine, wewe ni laini, namba ya kitambulisho na pini. Mtu akizishika hizo tatu, mashine haijui tofauti. Atakopa, atatoa pesa kwa wakala, laini ataitupa kwa mtaro. Deni litabaki na jina lako, na siku ukihitaji mkopo wa kununua pikipiki ama kuanzisha biashara ya ndengu, utaambiwa wewe ni mdaiwa sugu.

Na hiyo pini yenyewe? Wengi wenu mmeweka mwaka wa kuzaliwa. Mwaka huo umeandikwa kwa kitambulisho. Ni kama kufunga mlango kisha kuning'iniza ufunguo kwa kitasa.

Tuje kwa WhatsApp. Hapo mwizi hahitaji pesa yako hata kidogo. Anahitaji watu wako. Anaingiza namba yako kwa simu yake, WhatsApp inakutumia tarakimu sita kwa SMS, halafu anakuandikia akitumia akaunti ya rafiki yako ambayo tayari ameiteka: "Boss, nimekutumia kodi kimakosa, nirushie hapa." Ukirusha, umetolewa nje ya akaunti yako. Kidogo hivi yuko kwa grupu la kanisa, la chama na la familia, na picha yako iko pale juu: "Niko hospitali, nisaidieni na elfu mbili, nitarudisha jioni." Shangazi anaona ni mtoto wa dada yake, anatuma. Basi sawa, wewe hukuwa na kitu. Shangazi alikuwa na elfu mbili, na zimeenda kwa sababu yako.

Kwa hivyo tukubaliane kabla tuendelee. Masikini ana jina, na jina linaibika vizuri sana. Swali la leo ni hili: jina lako liko wapi, na nani ana ufunguo?

Nitakuambia liko wapi. Liko kwa daftari.

Kama umekulia mji mdogo, unajua daftari ninalosema. Ukimaliza kidato cha nne, kila kitu kinakudai intaneti. Namba ya KRA, mkopo wa HELB, kuchagua kozi KUCCPS, eCitizen, cheti cha tabia njema. Wengi wetu kwa nyumba hakuna kompyuta, na simu ni ndogo, skrini ina nyufa. Kwa hivyo tunaenda saiba. Unakaa kando, jamaa wa saiba anachapa. Anakuuliza, "Uko na imeili?" Unasema huna. Anakufungulia moja kwa dakika mbili. Paswadi anachagua yeye, na kwa sababu ana wateja thelathini siku hiyo, anawapa wote paswadi moja inayofanana. Namba ya simu ya kurejesha akaunti anaweka yake, ati kodi ije haraka. Halafu anachukua daftari la kurasa 96, anaandika jina lako, namba ya kitambulisho, imeili na paswadi. Unalipa, unashukuru, unaenda nyumbani.

Manze, hiyo akaunti si yako. Mwenye namba ya kurejesha akaunti ndiye mwenye akaunti. Wewe umekodishwa tu.

Na najua wako watu wanarudi kwa saiba kila mwaka kufunga hesabu ya KRA na swali ni lile lile: "Kaka, hebu niangalizie paswadi yangu." Paswadi yangu! Sikiza hayo maneno vizuri. Kitu cha siri unamwomba mtu akuangalizie, na kinasomwa kwa sauti mbele ya foleni. Nimewahi kusimama kwa kaunta ya saiba moja, sitaitaja, daftari likiwa wazi kama menyu ya hoteli. Ningekuwa na nia mbaya, picha moja ya simu ingenitosha.

Sasa, kabla wenye saiba hamjanirukia. Sisemi nyinyi ni wezi. Nusu ya vijana wa Mwingi Kaskazini hawangekuwa na namba ya KRA bila nyinyi. Mnasaidia mtu ambaye hajawahi kushika kipanya, mnasaidia mzee aliyetembea kutoka mbali na bahasha ya makaratasi, na mnalipwa shilingi kidogo sana kwa kazi ambayo ofisi nyingi zimewatupia. Lakini daftari halihitaji mwenye saiba awe mwizi. Linahitaji tu kijana wa kazi aliyefutwa kwa hasira, ama usiku mmoja mlango ukivunjwa, ama mtoto akilibeba nyumbani kuchora magari. Wema wa mwenye daftari haulindi kilichoandikwa ndani yake.

Na si daftari peke yake. Kaa kwa kompyuta yoyote ya saiba, fungua ile folda ambayo vitu vinashukia. Utakuta kitambulisho cha mtu, mbele na nyuma. Utakuta matokeo ya KCSE, vyeti vya kuzaliwa, barua ya chifu, wasifu wa mtu anayetafuta kazi wenye namba ya simu ya mama yake. Fungua brauza, bonyeza sehemu ya paswadi zilizohifadhiwa, utashangaa. Kila mtu aliyebonyeza "ndiyo" brauza ilipouliza kama ihifadhi, aliacha mlango wazi akaenda kupanda matatu.

Fikiria maana yake kwa mtoto wa shule. Kwa miaka, kuingia kwa tovuti ya KUCCPS kumehitaji namba yako ya mtihani wa KCSE, na namba ya cheti cha kuzaliwa ama ya KCPE. Hizo namba zote ziko kwa ile folda. Ziko kwa shule. Ziko kwa binamu aliyekusaidia kuapulai. Yeyote kati ya hao akiwa na kinyongo, ama akiwa na utani wa kijinga, anaweza kuingia kabla ya dirisha kufungwa na kukubadilishia kozi. Wewe umejiona kwa uuguzi, barua inakuja na kitu ambacho hujawahi hata kukiota. Utaeleza nani, na ni nani atakuamini kwamba si wewe uliyebadilisha mawazo? Kwa mashine, aliyeingia ni wewe.

Najua msee wa Nairobi anasoma hii akifikiri ni shida ya mashambani. "Sisi tuna waifai, tuna laptopu, hiyo saiba ni ya kwenu." Haya, tukumbushane kidogo.

Juni 2021, Msajili wa Vyama vya Siasa alifungua njia ya kuangalia kwa eCitizen kama wewe ni mwanachama wa chama. Wakenya wakaingia kwa maelfu, na wengi wakajikuta wamesajiliwa kwa vyama ambavyo hawakuwahi kuvikaribia. Watu wakaanza kujiuliza: kitambulisho changu walikitoa wapi? Na wengi wakakumbuka madaftari. Daftari la wakala wa M-Pesa. Daftari la askari wa geti kwa jumba la ofisi, mahali unaandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na sahihi, kwa ukurasa ambao mgeni anayekufuata anausoma wote. Hayo majumba yako Upper Hill na Westlands. Hayako Tseikuru.

Miaka miwili baadaye, kati ya Julai na Agosti 2023, nani walipanga foleni KICC kupigwa picha ya mboni ya jicho na Worldcoin? Walikuwa vijana wa jiji, wengi wao wamesoma, na simu nzuri mkononi. Walikuwa wanapata sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha hiyo shughuli Agosti hiyo hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ya macho ifutwe. Siwalaumu kwa njaa. Elfu saba ni pesa. Lakini paswadi unaweza kubadilisha. Jicho utabadilisha na nini? Kwa hivyo msitucheke na daftari letu. Nyinyi mliacha jicho.

Sasa tuongee kuhusu ile laptopu uliyonunua ya mkono wa pili, kwa sababu hiyo ndiyo kompyuta ya nyumbani ya wengi wetu. Ulinunua ikiwa na Windows ambayo haijulikani ilitoka wapi. Ofisi yake ni ya kuvunja, imewekwa na fundi kwa flashi. Fundi huyo alikuambia uzime antivairasi kwanza "ili iingie vizuri." Fikiria hilo tena. Mtu amekuambia umfunge mbwa ndipo mgeni aingie, na hujauliza mgeni ni nani.

Halafu kuna masasisho. Kompyuta inakuomba isasishwe, unabonyeza "baadaye" kwa miezi minane. Nataka nikupe mfano mmoja uushike. Machi 2017, Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu fulani kwa Windows. Tarehe 12 Mei 2017, miezi miwili baadaye, virusi vilivyoitwa WannaCry vikapitia tundu lile lile, vikafunga faili za watu kwa zaidi ya nchi 150 na kudai dola 300 ndipo wafunguliwe. Hospitali za Uingereza ziliahirisha upasuaji. Dawa ilikuwa tayari imetoka, ilikuwa ya bure. Walioumia ni wale waliokuwa wamebonyeza "baadaye", ama waliotumia Windows nzee ambayo haikuwa inapata masasisho tena. Na ukumbuke Windows 10 ilifika mwisho wa masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu nyingi zinazouzwa mkono wa pili bado ni hizo. Uliza kabla hujalipa.

Utaniambia bando ni ghali. Kweli, ni ghali, na hapa kwetu mtandao wenyewe una siku zake. Lakini wewe huyo unamaliza bando nzima kwa TikTok kabla ya saa nne usiku. Sasisha mara moja kwa mwezi, ukiwa mahali kuna waifai unayoiamini, chuoni ama kwa rafiki. Na kama mashine imechoka haiwezi Windows mpya, kuna Linux, ni ya bure kabisa na inapata masasisho bila kuvunja chochote. Tena antivairasi ya kununua huhitaji. Windows inakuja na yake ndani. Kazi yako ni kuacha kuizima kila ukitaka kuweka gemu ya wizi.

"Lakini hii ni kazi ya serikali." Hiyo ndiyo komenti ya pili ninayoijua kabla haijaandikwa. Na kwa nusu, nakubali. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha yako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kamishna wa kuisimamia. Tuna sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018, ambayo kwayo kuingia kwa kompyuta ama akaunti ya mtu bila ruhusa kunaweza kukupa faini ya hadi shilingi milioni 5, ama jela hadi miaka 3, ama zote mbili. Na sheria imewahi kuuma. Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data ilitangaza faini tatu kwa mpigo: shilingi 2,975,000 kwa kampuni ya kukopesha kidijitali iliyokuwa inasumbua watu kwa kutumia namba zao, shilingi 1,850,000 kwa kilabu kimoja cha Nairobi kilichoweka picha ya mteja mtandaoni bila kumuuliza, na shilingi 4,550,000 kwa shule iliyoweka picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Kesi kama hizo huanza na watu wanaokataa kunyamaza, wakalalamika. Wewe pia unaweza kulalamika.

Na nitasema jingine kwa haki. Kuna mambo paswadi yako haiwezi kuzuia. Julai 2023 eCitizen ililemewa na mashambulizi, watu wakakwama bila huduma, na hakuna kitu mimi na wewe tungefanya. Hilo lilikuwa la serikali kujibu. Supamaketi ikivunjiwa data, hilo ni la supamaketi. Sitaki mtu atumie post hii kumlaumu aliyeibiwa.

Lakini sheria ni kama polisi wa kituo cha mbali, huja na kalamu baada ya mbuzi kuibwa. Hapa kwetu mtu hafungui boma usiku ati kwa sababu wizi wa mifugo ni kosa kisheria. Anafunga, halafu anategemea sheria pia. Kwa nini mbuzi afungiwe na jina liachwe nje?

Basi tufanye kazi. Hivi vitu havihitaji pesa, vinahitaji jioni moja.

Kwanza, rudisha imeili yako. Ingia ukiwa kwa simu yako mwenyewe, badilisha paswadi, kisha uende sehemu ya kurejesha akaunti, utoe namba ya jamaa wa saiba na uweke yako. Halafu tafuta orodha ya vifaa vilivyoingia kwa akaunti na uvitoe vyote ambavyo huvijui. Imeili ni ya kwanza kwa sababu ndiyo mama wa zote. Ukipoteza imeili, kila akaunti nyingine inabonyezwa "nimesahau paswadi" na inafunguka.

Pili, paswadi iwe ndefu. Unganisha maneno manne yasiyohusiana, na changanya lugha. Sisi Wakamba tuna bahati hapa. Orodha ambazo wezi hutumia kukisia zimejaa maneno ya Kiingereza, majina ya timu na tarehe. Neno kama "mbui", la Kiswahili hapo kando, la Kimeru ulilofunzwa na rafiki wa Tharaka, na jina la kitu kwa jikoni kwenu, hiyo ni ngumu kukisia na ni rahisi kwako kukumbuka. Usitumie mfano wangu, tunga wako. Na usiweke hiyo hiyo kila mahali. Imeili iwe na yake, pesa ziwe na zake.

Na kama lazima uandike, andika kwa karatasi yako, uiweke nyumbani pale mwaitu anaweka hati ya shamba. Karatasi iliyo kwa sanduku la nyumba yenu ni afadhali mara kumi kuliko daftari la kaunta.

Tatu, washa uthibitishaji wa hatua mbili kwa imeili, WhatsApp, Facebook, Instagram na TikTok. Kwa WhatsApp iko kwa mipangilio, upande wa akaunti. Ukishaweka pini yako ya tarakimu sita, mwizi akipata kodi ya SMS bado amekwama. Na hiyo kodi hapewi mtu. Si rafiki, si pasta, si mtu anayesema anapiga kutoka kampuni ya simu.

Nne, linda laini. Kama uko Safaricom, bonyeza *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na kama kuna usiyoijua, ripoti. Bonyeza *100*100# ufunge laini yako isibadilishwe ovyo kwa kila kibanda. Safaricom ikikupigia inatumia 0722 000 000 tu. Huyo mwingine anayesema ni wa huduma kwa wateja, mkatie. SMS ya ulaghai itume kwa 333. Na badilisha ile pini ya mwaka wa kuzaliwa leo, si kesho.

Tano, ukiwa saiba, chapa paswadi wewe mwenyewe, hata kama unatafuta herufi kwa kidole kimoja na foleni inanung'unika. Mwache jamaa akuelekeze kwa mdomo. Tumia dirisha la faragha la brauza. Ukimaliza, toka kwa kila akaunti, futa faili zako kwa folda, kisha uzifute tena kwa pipa la taka. Flashi yako ikitoka hapo, ipige skani kabla ya kufungua chochote. Wale walioona faili zao zote zikigeuka njia za mkato wanajua kwa nini nasema hivi.

Sita, fundi wa simu. Akibadilisha kioo, mara nyingi hahitaji namba yako ya siri kwa zaidi ya dakika moja ya kujaribu, na unaweza kuifungua wewe ukiwa umesimama hapo. Usiache simu ilale kwa fundi ikiwa na picha zako, mazungumzo yako na M-Pesa yako. Dada zangu, hili ni lenu zaidi, kwa sababu tunajua picha hutumiwa vipi. Mtu akianza kukutisha na picha, usimlipe. Akilipwa mara moja, atarudi. Hifadhi ujumbe wake, mwambie mtu mzima unayemwamini, na upige ripoti polisi. Sheria ya 2018 inamhesabu yeye kuwa mhalifu. Wewe hujakosa.

Ni hayo sita. Mtu mmoja, jioni moja, chai kando.

Kwa wenye saiba, nina ombi na nalisema kwa heshima. Chomeni daftari. Mteja akikosa imeili, mfungulie kwa namba yake yeye, mwache achague paswadi, mpe karatasi na kalamu aandike mwenyewe aende nayo. Futeni ile folda kila jioni mkifunga duka. Mkifanya hivyo bandikeni kwa ukuta, "Hapa hatuhifadhi paswadi ya mteja." Sheria ya data haiwahusu wenye maghorofa peke yao, na mteja anayejua utamlinda atarudi. Hamtapoteza kazi. Bado tutakuja kuchapisha, kuskani na kuulizia HELB.

Na kwa nyinyi mnaosoma: kwa nyumba yenu, mnajua ni nani fundi wa mtandao. Ni wewe. Ni wewe uliyemfungulia mwaitu Facebook. Ni wewe unayejua pini ya susu kwa sababu haoni vizuri. Ukiwa mzembe, umezembea kwa niaba ya nyumba nzima. Kwa hivyo acha kumcheka mama kwa kubonyeza linki ya "Pata bando ya bure." Kaa naye. Mwonyeshe mara tatu bila kupaza sauti, jinsi yeye alivyokuonyesha kufunga viatu. Mwambie kampuni haiombi pini. Mwambie mtoto wake akiandika ati yuko hospitali anahitaji pesa, apige simu kwanza asikie sauti.

Haya, toka kwa komenti, ingia kwa mipangilio ya imeili yako. Angalia ile namba ya kurejesha akaunti. Ni ya nani?